Mlima Gelai Juu ya Reli: Maisha ya Kichwa cha Treni Namba 5918

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena kipindini. Mimi Mwanaidi, niko na ndugu yangu Mwakio kama kawaida. Leo tuna mgeni wa chuma. Yuko uani kwenye makumbusho ya reli Nairobi, karibu na stesheni kuu ya zamani, ana rangi ya damu ya mzee na bamba la jina ubavuni. Namba yake 5918, jina lake Mount Gelai. Mwakio, wewe mtu wa Voi, reli imepita mlangoni kwenu. Tuanzie wapi?

MWAKIO: Tuanze na ukubwa, dada, maana ukisimama kando yake huwezi kufikiria kitu kingine. Urefu wake unakaribia mita 32. Akijaa maji na mafuta ana uzito wa tani 252 hivi. Na mzigo huo wote unapita juu ya reli ambayo upana wake ni mita moja tu. Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichowahi kuwa kikubwa na chenye nguvu kushinda hivi. Nasema duniani kote, si Afrika peke yake.

MWANAIDI: Unasema "hivi" kwa sababu hakuwa peke yake.

MWAKIO: Walikuwa ndugu 34, namba 5901 mpaka 5934. Ndilo daraja la 59, yaani aina ya 59, la Reli za Afrika Mashariki. Walitengenezwa na Beyer, Peacock katika kiwanda chao cha Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila mmoja akapewa jina la mlima wa huku kwetu. Wa kwanza Mount Kenya, wa pili milima ya Ruwenzori, wa mwisho kabisa akaitwa kwa shimo la Menengai pale Nakuru. Gelai yenyewe ni volkano iliyolala kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron, urefu wake mita 2,942.

MWANAIDI: Napenda sana hilo. Kichwa cha treni kinatoka Kilindini kwenda Nairobi, kimebeba jina la mlima wa Tanzania, na mwenzake anayemfuata nyuma ana jina la mlima wa mpakani mwa Uganda. Reli ilikuwa moja wakati huo.

MWAKIO: Tangu 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ile ya Tanganyika. Ila hawa wa 59 kazi yao hasa ilikuwa Mombasa na Nairobi, kilomita 530, kwa sababu ndipo palipokuwa na reli nzito ya kuwabeba. Kila ekseli ya magurudumu makubwa ilikuwa inakandamiza reli kwa tani 21. Ukimpeleka kwenye njia nyepesi angeivunja.

MWANAIDI: Sasa kwa nini wakaagiza majitu kama haya? Mimi nimekulia Mombasa, na jibu lake liko kwetu bandarini. Baada ya vita vya pili vya dunia mizigo ilirundikana Kilindini. Meli zinashusha mashine, saruji, mafuta, na reli haiwezi kuondoa vitu hivyo haraka. Kutoka bara zinakuja kahawa, pamba na chai, nazo zinangoja. Hata ukiongeza treni, njia ni moja: treni inayopanda lazima ingoje inayoteremka ipite kwenye stesheni. Kwa hiyo dawa ikawa kuirefusha treni yenyewe. Badala ya treni mbili, moja ndefu yenye kichwa kinachoweza kazi ya vichwa viwili.

MWAKIO: Na njia hiyo si ya mchezo. Unatoka usawa wa bahari, unamaliza safari zaidi ya mita 1,600 juu. Ukishavuka Makupa tu, mlima unaanza. Changamwe, Miritini, halafu kuna ule mzunguko wa Mazeras ambapo reli inajizungusha na kupita juu yake yenyewe ili ipate kupanda. Halafu Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, nyika kavu mpaka kwetu Voi. Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, Konza. Mpando mkali kabisa ulikuwa mita moja na nusu kwa kila mita 100. Mtu anayetembea kwa miguu hausikii mpando huo. Treni ya tani 1,200 inausikia kila inchi.

MWANAIDI: Na 59 alivuta hizo tani 1,200 akiwa peke yake.

MWAKIO: Peke yake. Nguvu yake ya kuvuta ilikuwa pauni 83,350, karibu tani 38 za mvuto kwenye kulabu.

MWANAIDI: Eleza sasa jinsi alivyoundwa, kwa sababu mtu akimwona mara ya kwanza anadhani ni vichwa viwili vimegongana mgongo kwa mgongo.

MWAKIO: Na hajakosea sana. Mtindo huu unaitwa Garratt, jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeubuni mwanzoni mwa karne ya 20. Wa kwanza kabisa walipelekwa Tasmania, Australia, mwaka 1909. Chukua kichwa cha kawaida cha mvuke. Bwela lake, lile pipa kubwa la maji ya moto, limekaa juu ya magurudumu. Ukitaka nguvu zaidi unanenepesha bwela, lakini magurudumu yako chini yake yanakuzuia. Ukilirefusha, kichwa kinakuwa kirefu na hakipindi kwenye kona.

MWANAIDI: Na njia yetu imejaa kona.

MWAKIO: Kona juu ya kona. Garratt akalitoa bwela juu ya magurudumu. Akaweka gari moja la magurudumu mbele, likiwa na tangi la maji juu yake. Jingine nyuma, lenye mafuta na maji. Katikati, bwela linaning'inia kwenye fremu kama daraja, chini yake hakuna gurudumu hata moja. Kila upande wa fremu umeshikwa kwa pini kubwa inayozunguka. Kwa hiyo injini ya mbele inaingia kona kwanza, bwela linafuata, injini ya nyuma inaingia mwisho. Kichwa kizima kinajipinda. Na kwa sababu chini pako wazi, bwela linaweza kuwa nene sana. La 59 lina kipenyo cha futi 7 na nusu, kwenye reli ya upana usiofika futi 3 na nusu.

MWANAIDI: Yaani bwela ni pana mara mbili kuliko njia anayopita.

MWAKIO: Zaidi ya mara mbili! Na ndani ya bwela shinikizo la mvuke ni pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Mvuke unagawanyika kwenda silinda 4, mbili mbele na mbili nyuma. Kila injini ina magurudumu makubwa 8 ya kusukuma, jumla 16, na mengine madogo ya kuongoza na kubeba.

MWANAIDI: Watu wengi wakisikia injini ya mvuke wanafikiria mtu na beleshi anatupa makaa. Huyu hakuwa hivyo.

MWAKIO: Huyu alichoma mafuta mazito, yale meusi yanayobaki baada ya kusafishwa petroli. Mafuta hayo yanapulizwa kwa mvuke ndani ya tanuri, yanasambaa kama ukungu na kuwaka. Fayamani, yule anayetunza moto, hatumii beleshi, anatumia mikono miwili na macho. Mkono mmoja kwenye valvu ya mafuta, mwingine kwenye mvuke unaopuliza. Macho yako kwenye geji ya maji na kwenye moshi unaotoka juu. Moshi mweusi unamwambia mafuta ni mengi kuliko hewa. Asipoona moshi kabisa, ajue hewa imezidi na anapoteza joto. Anatafuta ule ukungu mwembamba wa kijivu. Dereva akifungua rejeta, ule mkono wa kupeleka mvuke kwenye silinda, mlimani, fayamani lazima aongeze moto papo hapo. Akifunga, apunguze papo hapo. Wawili hawa wasipoelewana, treni inasimama njiani kwa kukosa mvuke.

MWANAIDI: Na ile kazi ya mchanga?

MWAKIO: Ah, hiyo ni kazi ya injini zote za mafuta. Masizi yanaganda ndani ya mirija ya bwela na joto halipiti. Fayamani anachukua mchanga, anautia kwenye tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu, mchanga unanyonywa kupitia mirija na kukwangua masizi yote. Hapo bomba linatapika moshi mweusi tititi. Wenye picha za zamani za treni yenye wingu jeusi, huenda ndicho kilichokuwa kinatokea.

MWANAIDI: Maji je? Nyika ile ya Taru haina maji, na injini ya mvuke ni mnywaji.

MWAKIO: Matangi yake yalibeba karibu lita 39,000 za maji, na mafuta kama lita 12,000. Hata hivyo alisimama kunywa njiani. Na ubora wa maji ni habari nyingine. Maji ya chumvichumvi yanaacha gamba ndani ya bwela, tabaka gumu kama jiwe, kwa hiyo kila baada ya muda bwela linapozwa, vizibo vinafunguliwa, linaoshwa kwa maji ya kasi mpaka lote litoke. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya watu karakana za Nairobi ambao hakuna aliyewapiga picha.

MWANAIDI: Tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tukizungumza juu ya reli tunataja kiwanda, mwaka, mhandisi. Lakini injini hii ilikuwa na watu. Kulikuwa na utaratibu wa makundi mawili kwa safari moja: dereva na fayamani wake wanaendesha, na wenzao wawili wamelala kwenye behewa maalumu lililofungwa kwenye treni. Saa zao zikiisha wanabadilishana. Fikiria mtu anapika ugali kwenye behewa linalotikisika huku tani 1,200 zinapanda kuelekea Makindu, akijua baada ya saa kadhaa ni zamu yake kushika rejeta.

MWAKIO: Na 5918 alipata bahati ya kipekee. Kwa muda mrefu alikuwa na madereva wake, hakuzunguka mikononi mwa kila mtu. Mmoja Kalasinga, mwingine Mgoa, mtu wa asili ya Goa, India, wakipokezana. Walimtunza kama bwana harusi. Shaba iling'arishwa kila safari, mabomba ndani ya kibanda yakasuguliwa mpaka unajiona usoni. Wapenzi wa reli walitoka Ulaya kuja kumpiga picha yeye hasa, kati ya wote 34.

MWANAIDI: Ujumbe wangu ni kwamba dereva akipewa injini kuwa yake, anaijua. Anajua inaanza kulia wapi kabla haijaharibika. Anaripoti fundi mapema. Ikirushwa kwa kila mtu, kila mtu anamwachia mwenzake hitilafu. Nadhani ndiyo sababu moja ya 5918 kubaki mzima mpaka mwisho. Hayo ni maoni yangu, lakini nayashikilia.

MWAKIO: Nakubaliana nawe. Na wakubwa wa reli nao hawakulala. Vichwa hivi baadaye viliwekewa bomba la Giesl, ubunifu wa mhandisi wa Austria. Ukimtazama 5918 leo utaona bomba lake la moshi ni jembamba na refu kutoka mbele kwenda nyuma, si la mviringo. Ndani yake mvuke uliotumika unatoka kupitia matundu madogo yaliyopangwa mstari, unanyonya hewa vizuri zaidi kupitia tanuri, na mafuta yanapungua kwa kazi ileile.

MWANAIDI: Lakini dizeli ikaja.

MWAKIO: Dizeli ikaja. Kulikuwa hata na michoro ya daraja la 61, Garratt mkubwa kuliko huyu kwa mbali, lakini hakujengwa hata mmoja. Beyer, Peacock wenyewe wakafunga kiwanda mwaka 1966. Kwetu, wale 59 wakaanza kuondolewa kazini 1973. Katikati ya hayo, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na reli ikagawanywa vipande vitatu. Kufikia 1980 kazi yao ilikuwa imekwisha.

MWANAIDI: Kwa hiyo umri wa kazi ni miaka 25 hivi. Kwa injini ya mvuke ni kijana bado.

MWAKIO: Kijana kabisa. Wengi walikatwakatwa wakauzwa kama vyuma chakavu. Wamebaki wawili: 5918 na 5930 Mount Shengena, jina la kilele cha milima ya Upare. Wote wako Nairobi. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 1971, reli ya pamoja ikiwa bado hai, na nawapa heshima waliofikiria hivyo mapema. Walikusanya kabla ya kupotea.

MWANAIDI: Uani pale kuna nani mwingine?

MWAKIO: Yuko 6006, Garratt mdogo mwenye jina la gavana wa kikoloni. Yuko 2921 Masai of Kenya wa daraja la 29, wale waliopewa majina ya makabila. Yuko 3020 Nyaturu, jina la watu wa Singida. Na ndani kuna behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall alivutwa na simba pale Kima mwaka 1900. Watu wengi huenda kwa ajili ya behewa hilo, wakapita mbele ya Mount Gelai bila kujua wanapita mbele ya nini.

MWANAIDI: Na huyu hakubaki sanamu muda wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirudishwa uhai, akawashwa moto, akavuta treni za matembezi.

MWAKIO: Hilo ndilo jambo ambalo watu hawaliamini. Injini iliyokaa nje zaidi ya miaka 20, mvua za masika na vuli, jua la Nairobi. Kuiwasha si kutia mafuta na kiberiti. Lazima bwela lipimwe. Linajazwa maji baridi pomoni, kisha linasukumwa kwa pampu kupita shinikizo lake la kazi, na mafundi wanazunguka wakitafuta tone. Wanatumia maji baridi kwa sababu bwela likishindwa, maji yatavuja tu. Bwela lenye mvuke likipasuka linaua kila mtu aliye karibu.

MWANAIDI: Halafu mirija.

MWAKIO: Mirija inatolewa mmoja mmoja, inawekwa mipya, ncha zake zinatanuliwa mpaka zinabana. Kuna misumari inayoshikilia kuta za tanuri zisibonyee. Fundi anaigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mzima unalia, uliokatika ndani una sauti nzito. Mtu anayejua sauti hiyo hajaisoma kitabuni. Aliipata kwa mzee aliyesimama kando yake.

MWANAIDI: Na hapo ndipo ninaposema tunakosea katika uhifadhi wetu. Tunafikiri kazi imeisha tukipaka rangi na kuweka uzio. Rangi inazuia kutu ya nje. Je, ya ndani? Maji yakibaki kidogo chini ya bwela, linaoza kimyakimya huku nje linameta. Mashine hii inahitaji mtu wa kuizungusha, kuitia grisi, kufunika bomba ili mvua isiingie. Na mtu huyo akistaafu pasipo mwanafunzi, hata ukiwa na fedha zote huna wa kumwajiri.

MWAKIO: Wenzetu wamelitatua hilo kwa kuendesha. Huko Wales kuna reli ndogo, Welsh Highland, inayoendesha Garratt zilizofanya kazi Afrika Kusini, nyingi zikiwa zimetengenezwa na kampuni ileile ya Manchester. Hata Garratt ya kwanza ya Tasmania ilipelekwa huko. Kijana anaanza kwa kufuta mafuta, anapanda kuwa fayamani, baada ya miaka anakuwa dereva. Ujuzi unapita mkononi kwa sababu kuna kazi ya kuufanya.

MWANAIDI: Sisi tuna Garratt mkubwa kuwashinda wote hao, na mtu wa kuja kumtazama atatoka popote duniani.

MWAKIO: Lakini tuwe wakweli kuhusu ugumu. Toka 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi wanapanda reli mpya ya kisasa, na reli hiyo si ya upana wa mita moja. 5918 hawezi kuikanyaga. Anahitaji njia ya zamani, iliyo salama kubeba tani 21 kwa ekseli, na anahitaji maji njiani ambako matangi mengi hayafanyi kazi tena. Kwa hiyo sisemi aende Mombasa kesho.

MWANAIDI: Unataka nini basi?

MWAKIO: Nataka mambo mawili kwanza. Apate paa. Paa la mabati lililo refu kuliko yeye, basi, pamoja na mwenzake Shengena. Pili, chuo cha reli kipo Nairobi. Kila mwaka wanafunzi wachache wa ufundi wapewe miezi kadhaa pale uani pamoja na wazee waliobaki. Wamfungue, wampime, wachore kila kipande. Hata asipowashwa, kutakuwa na watu 10 wanaomjua kwa ndani.

MWANAIDI: Mimi naongeza la tatu. Wazee warekodiwe sauti. Muthurwa, Makongeni, Changamwe, Voi kwenu, kote huko waliishi watu wa reli. Fayamani aliyeanza na miaka 20 mwaka 1970 leo ana zaidi ya 70. Anakumbuka jinsi ya kupanda Mazeras reli ikiwa na umande na magurudumu yanateleza. Anajua alitia mchanga wapi na rejeta aliirudisha kiasi gani. Vitabu vya wapenzi wa reli vimejaa namba na tarehe, lakini hayo hayamo.

MWAKIO: Na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Kalasinga na Wagoa walikaa upande wa dereva miaka mingi kwa sababu ukoloni uliwapanga watu kwa rangi. Waafrika wakawekwa kwenye moto, kwenye usafi, kwenye mataruma. Waliopanda kuwa madereva walipanda baadaye. Historia ya 5918 ikisimuliwa bila wao ni nusu.

MWANAIDI: Msikilizaji, ukienda makumbusho, ingia asubuhi mapema kabla ya jua kali kwenye chuma. Anza mbele kwenye tangi la maji, tembea polepole mpaka nyuma, kisha uiname uangalie chini ya bwela ambako hakuna gurudumu. Hapo utaelewa akili ya Garratt bila mtu kukueleza. Na kama nyumbani una baba, babu au mjomba aliyefanya kazi ya injini za mvuke, mtumie simu ujumbe wa sauti umwombe ajibu swali moja: siku bwela likigoma kupanda mvuke, ulifanya nini? Kisha ututumie sisi.

MWAKIO: Tutayacheza majibu yote juma lijalo, tukiwa na fundi mstaafu wa karakana ya Nairobi hapa studio. Nimemwomba aje na nyundo yake.

MWANAIDI: Aje nayo. Kwaherini.